Mama wa Nywele

Arequipa, 6 Mei 1961

Mpendwa Satu,

Jibini nimeipata, na mfuko wa viazi vilivyokaushwa pia. Jibini ina chumvi nyingi kama kawaida yako. Melitón ananiambia mvua imekatika huko Quellopata na baridi imeanza kuuma, basi fungua vyumba vya juu, toa magodoro juani, na usikiruke chumba cha marehemu mume wangu eti kwa kuwa hakilali mtu. Na yule jogoo anayelala kwenye ngazi za kanisa dogo, mchinje. Nimechoka kusikia habari zake.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako Natu ametimiza miaka saba. Saba, Satu! Na kichwa chake hakijaguswa na mkasi, kwa sababu siku aliyozaliwa nilisema mama yake wa nywele nitakuwa mimi, na tangu hapo mara miguu, mara moyo, mara harusi, mara msiba. Najua mnanisubiri. Najua na kunisema mnanisema. Basi nimepata dawa. Lori la Melitón likipanda safari ijayo, mpandishe mtoto ashuke nalo. Nitamkata hapa hapa sebuleni, shungi la kwanza mimi, halafu msusi wangu atamalizia vizuri, siyo kama mnavyonyoa kondoo. Baada ya hapo atabaki kwangu. Nimeshaongea na masista. Asubuhi atasoma, mchana atanisaidia vitu vidogo vidogo, jioni atanikanda miguu. Wewe ulikuwa na mikono midogo ya namna hiyo, na hakuna daktari aliyewahi kunifaa kama wewe.

Najua utalia kidogo. Lia, halafu mshukuru Mungu. Ulifika kwangu kutumika, hujui hata kushika kijiko, leo unasoma na kuandika barua. Nani mwingine huko juu anaweza?

Nguo usimfungie nyingi, nitamnunulia mpya.

Bibi yako,
Hortensia Olazábal


Quellopata, 12 Mei 1961

Shikamoo Bibi Hortensia,

Magodoro nimeyatoa, vyumba vyote viko wazi, na upepo unaingia na kutoka kama mwenye nyumba ni yeye. Jogoo nimemchinja. Nimemchemsha kutwa nzima na bado hatafuniki, nadhani alijua ni amri yako. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, mzima.

Kuhusu Natu, asante kwa kumkumbuka. Nywele zimemfika kiunoni, zimesokotana hazichaniki tena, watoto wenzake wanamwita Alpaka kwa manyoya hayo. Juzi amemng'ata mmoja wao mkononi, nikaenda kuomba radhi kwa mama mtu na kikapu cha mayai. Yeye mwenyewe kila siku ananiuliza, "Mama, huyo Bibi wa nywele yupo kweli, au ni kama malaika, wa kusemwa tu?"

Lakini Bibi, nywele hazikatwi ugenini, zinakatwa kwao mtoto. Wewe umekaa huku miaka na unajua. Watu wanaketi kwenye ngozi za kondoo, mtoto yuko katikati na sahani mapajani. Mama wa nywele anakata shungi la kwanza, na tangu saa hiyo yeye na mama mtoto ni komadre, ndugu kupita wa tumbo moja. Kisha kila aliyekuja anakata shungi lake na kutoa alichonacho, mwana-kondoo, kuku, blanketi, naye anaingia undugu huo huo. Tunakula chungu kimoja, nywele tunazifunga kitambaani, zinabaki nyumbani. Anayekata ndiye anayekuja. Nikimpandisha lori na nywele zake kichwani, watu watasema nimemuuza.

Basi nakukaribisha wewe. Njoo kwa Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwezi wa saba. Nitakuandalia simbilisi wa kukaanga na pombe ya mahindi. Tumengoja miaka yote hii, hiyo miezi miwili haitushindi.

Nakutumia kopo la mafuta ya kondoo. Yapashe moto kidogo kabla ya kupaka miguuni.

Wako mtiifu,
Saturnina


Arequipa, 19 Mei 1961

Satu,

Nimecheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. "Nywele hazikatwi ugenini"! Umekuwa padri lini wewe? Nimesimamia watoto wa wafanyakazi wangapi huko, na hakuna mama hata mmoja aliyenipangia pa kukaa. Na kwangu ni ugenini tangu lini? Wewe umekulia humu.

Milima hiyo inaniua, unajua fika. Mara ya mwisho nilishushwa nimelazwa nyuma ya gari kama gunia la sufu, na daktari akanikataza kurudi. Sasa unataka nife ili mwanao akatwe nywele juu ya ngozi ya kondoo? Watu watasema, watu watasema. Hao watu kondoo wao wanalisha kwenye ardhi ya nani?

Jumanne Melitón atapita. Mtoto awe barabarani, uso umeoshwa. Chumba chake tayari, ni kile kile chako karibu na jiko, nimeagiza kipakwe chokaa. Mwanangu Rodolfo na mkewe wamehamia Lima moja kwa moja, na nyumba imekuwa kubwa mno. Mpishi mpya huyu hasemi. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilikuwa naenda wapi, nazunguka vyumba kama natafuta kitu. Mtoto atatuchangamsha.

Habari za sherehe usiniandikie tena. Mpandishe tu.

Hortensia


Quellopata, 25 Mei 1961

Shikamoo Bibi,

Lori lilipita lakini Natu hakuwa barabarani. Ana kifaduro. Anakohoa mpaka anakuwa wa buluu, na mimi nikasema siwezi kukuletea ugonjwa ndani ya nyumba na moyo wako huo. Melitón akikuambia vingine usimsikilize, siku hiyo alikuwa amekunywa.

Upepo umeng'oa bati la banda, nimelirudisha kwa mawe. Vitasa vya milango ya juu nimevisugua. Mashuka nimeyafua yote, hata yale ambayo hayajalaliwa, nimeyafua tena. Sijui nikuandikie nini kingine. Nakuandikia nimesimama, maana kila mbwa akibweka natoka nje kuangalia barabara.

Wako mtiifu,
Saturnina


Arequipa, 3 Juni 1961

Saturnina,

Melitón hajagusa pombe tangu Pasaka, aliweka nadhiri. Anasema alimkuta huyo mgonjwa wako juu ya ukuta wa zizi, miguu inaning'inia. Akamwita, "Wee Natu, panda twende mjini ukaone magari!" Na mtoto akamjibu, "Nenda wewe, mimi nina kifaduro." Akacheka, akarukia upande wa pili, akakimbia na kondoo. Melitón ananieleza haya anajifuta machozi ya kicheko, na mimi nimekaa mbele yake kama mjinga.

Kwa hiyo sasa unamfundisha mtoto uongo. Na mimi unanidanganya kwa maandishi niliyokufundisha mwenyewe.

Nisikilize vizuri. Nyumba ya Quellopata siyo yako. Jiko unalopikia siyo lako, na majani wanayokula hao kondoo wako ni yangu. Zenobia Ccallo, yule mjane wa ng'ambo ya mto, ananiomba nafasi mwaka wa tatu huu. Nimempelekea ujumbe kwa padri. Mtoto asipokuwa kwenye lori, Zenobia atakuja kuchukua funguo kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na wewe utafunga mizigo yako.

Inaniuma kukuandikia hivi. Nilikulea mimi. Ulikuja na umri wake huo huo, nikakutoa chawa kichwani kwa mikono yangu hii. Sasa unaninyima mtoto kama vile mimi ni mpita njia!

Hortensia


Quellopata, 8 Juni 1961

Bibi,

Haikuwa mikono yako. Ilikuwa mikono ya Tomasa mpishi. Siku ya kwanza, uani, kwenye karo la kufulia. Wewe ulisimama mlangoni na leso puani ukasema, "Zote, zote, mpaka kwenye ngozi."

Nywele zangu mimi pia zilikuwa hazijakatwa. Mama alikuwa bado anatafuta vitu vya sherehe, alibakiza kumpata kondoo mmoja tu. Uliponichukua alinifunga kitambaa kichwani akaniambia, "Ukirudi Krismasi tutazikata, usiruhusu mtu aziguse." Tomasa alizinyoa, akazimwagia mafuta ya taa, akazisukumia motoni. Nilitaka kuokota hata kidogo, akanipiga mkono, si kwa ubaya, aliogopa nitaungua. Sikurudi Krismasi ile wala iliyofuata. Kwetu ambaye hajakatwa nywele na watu wake ni kama hajatambulishwa kwa mtu. Nimerudi huku mtu mzima, wananiita "yule wa Bibi". Hata leo.

Na lingine nililolinyamazia muda wote. Mama alipokufa, mjomba wangu alishuka kwa miguu kuniletea habari. Ulimpokea uani, ukampa mkate, ukamrudisha. Ilikuwa wiki ya harusi ya Bwana Rodolfo. Uliniambia wageni walipokwisha kuondoka, na vyombo vyote nimeshaviosha. Ulinishika bega ukasema, "Satu, jikaze." Bibi, mimi nilikuwa najua. Tomasa alimwona mjomba, aliniambia siku ile ile. Siku zote zile za harusi nilipita na masinia najua mama yangu yuko ardhini, nikingoja uniambie. Kila uliponiita nilidhani ndiyo sasa. Ukasema, "Satu, chumvi."

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Natu hana kifaduro. Nilikudanganya, na kwa uongo naomba radhi, kwa uongo tu. Haji kwa sababu sitaki aje. Nitafukuzwa, sawa. Naogopa sana, unaona mwandiko. Lakini haji.

Saturnina Huamaní


Arequipa, 14 Juni 1961

Saturnina,

Barua yako niliisoma mara moja nikaitia moto, halafu nikajuta, maana nilitaka kuisoma tena.

Ulikuwa mtoto. Walikuwa wameshamzika. Ningekuambia ungelia, ungepanda mlima peke yako, ungefika ukute kaburi, kungekuwa na faida gani? Nilikuepusha. Hivyo ndivyo nilivyoona na hivyo ndivyo ninavyoona hata sasa. Tomasa alikuwa na mdomo mrefu, Mungu amrehemu. Habari ya chumvi siikumbuki.

Basi. Si umeandika mwenyewe kwamba anayekata ndiye anayekuja? Nakuja. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, daktari apende asipende. Nitaketi kwenye hiyo ngozi yako, nitakula simbilisi wako, na mbele ya hao watu wote wanaosema nitakata shungi la kwanza. Nikishakata, mtoto ni wangu kwa mila hizo hizo ulizonisomea kama katekista. Nani atabisha? Wewe? Nitashuka naye kwa lori lile lile.

Mkasi wa mtu usimguse kabla yangu. Zenobia anakuja kuchukua funguo kama nilivyosema. Wewe utalala jikoni mpaka sherehe iishe, kisha utatafuta pa kwenda.

Hortensia


Quellopata, 26 Juni 1961

Bibi Hortensia,

Barua yako iliponifikia nilizunguka uani kama kuku aliyeona mwewe. Nilikuwa nimekualika mwenyewe! Nilidhani milima itakuzuia, nikakuandikia njia yote ya kumchukua mwanangu, hatua kwa hatua, mpaka na simbilisi nikakuahidi. Nilijitukana siku nzima. Natu akaniuliza, "Mama, unamsema nani?" Nikamjibu, "Mpumbavu mmoja wa hapa hapa."

Halafu Zenobia akaja. Alisimama getini na blanketi lake na sufuria moja, haniangalii usoni.

"Dada Satu, nimetumwa funguo."

"Najua. Ingia kwanza ule."

"Nikila kwako sitaweza kuzichukua."

"Ndiyo maana nakuambia ule."

Alibaki pale getini muda mrefu, upepo unampeperusha sketi. Baridi ilimshinda, akaingia. Nikampa supu. Alipokuwa anakula nikamwambia, "Zenobia, nataka uwe mama wa nywele wa mwanangu."

Akaweka kijiko chini. "Wewe mwanamke, unanifanyia ujanja."

"Ndiyo, nakufanyia."

"Nikimkata huyo mtoto tunakuwa komadre. Mimi na wewe. Nitakutoaje kwenye jiko lako? Hata mbwa watanizomea."

"Ndiyo huo ujanja wenyewe."

Alicheka mpaka supu ikampalia, ikabidi nimpige mgongoni. Kisha akafuta macho, akaniambia kwamba hajawahi kuombwa kusimamia mtoto wa mtu, kwa kuwa hana kitu na hana mume. Miaka mitatu anaomba nafasi kwako, akaniambia, na siku anayopewa ndiyo hii. Nikamwambia nyumba hii ina vyumba vingi vya kufungua na magodoro mengi ya kutoa, tugawane kazi. Akasema, "Na huyo Bibi?" Nikasema, "Bibi amechelewa miaka saba."

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane watu wote hukusanyika kuwatia alama kondoo, kwa hiyo sikulazimika kumwita mtu. Nilitandaza ngozi, nikamweka Natu katikati. Alikaa wima kama askari, amefumba macho. Zenobia alikata shungi la kwanza huku analia, akatoa lile blanketi lake, la pekee alilokuja nalo. Nikakataa, akanitupia. Kisha wakaja wengine, wa ng'ambo ya mto, wa kule darajani, wa juu kwenye barafu, hata mama wa yule mtoto aliyeng'atwa, naye akakata huku akisema, "Hili la meno!" Melitón alikata pia, akatoa beberu. Asikuambie mtu kwamba alikuwa amelewa, hakugusa kitu, nadhiri yake bado ipo. Sasa ni kompadre wangu, ndugu wa kiume, na ameapa mtoto huyu hampandishi lori bila mimi mwenyewe kumwambia.

Bibi, umetaka kunitoa kwa mkono wa mtu mwingine. Tafuta mwingine, siwezi kukuzuia. Lakini bonde zima limeshakata, na sijui utampata wapi wa kushika hizo funguo. Wamenikalia hapa mpaka asubuhi wakiniita komadre, komadre. Nimekuwa mtu wa hapa nikiwa na nywele nyeupe kichwani.

Bado lipo shungi moja, nyuma ya sikio la kushoto. Mimi nilikuwa nimesahau. Natu alimshika mkono mtu wa mwisho akasema, "Hili acha. La Bibi je?" Basi tumeliacha. Ukija siku uliyosema, njoo kama walivyokuja wengine. Keti, kula, kata, toa ulichonacho, rudi kwako. Tutakuwa ndugu mimi na wewe, na sherehe nitakupikia kwa mikono miwili. Lakini bibi yangu hutakuwa tena.

Saturnina


Arequipa, 30 Julai 1961

Saturnina,

Umeniona, kwa hiyo sina sababu ya kujificha. Nilifika mpaka darajani. Nilikaa mbele kwenye lori, nimejifunika mablanketi mawili, mkasi wangu wa fedha mfukoni. Nilisikia filimbi zenu, nikaona moshi. Nikamwambia Melitón akamwite mtoto aje garini, nimkatie pale pale, niondoke.

Akavua kofia. "Bibi, nisamehe, mimi ni kompadre wa mama yake. Siwezi kumwita kwa mluzi kama mbwa. Shuka tu, wanakungoja."

"Melitón, nani anakulipa?"

"Wewe, Bibi. Ndiyo maana nimekuleta."

Akazima injini, mshenzi yule, akashuka, akaenda kuzungumza na wanaume ukutani. Nikabaki peke yangu. Halafu nikamwona mtoto anakuja mbio kwenye daraja, kichwa kama cha mvulana, na lile shungi moja linamchapa shingoni. Alipanda kwenye ngazi ya lori akagonga kioo. "Bibi, shuka, chakula kinapoa."

Nikapandisha kioo.

Ulikuwa ni ugonjwa wa mlima. Kichwa kilikuwa kinapasuka, nilikuwa naona nyota. Mweleze hivyo, asidhani nilimkasirikia. Alibaki pale ananiangalia kupitia kioo, hakuogopa hata kidogo, alikuwa kama anayetazama samaki. Ana uso wako ule ule. Siku ulipofika kwangu ulikuwa na uso huo, ila wewe ulitazama chini.

Kaa na hiyo nyumba, wewe na Zenobia wako. Sina mtu mwingine, umehakikisha hilo. Kondoo wako walishe. Sitaki tena kubishana, nimechoka, tangu nishuke nakula mezani nimesimama.

Jambo moja tu linanisumbua. Wiki ile ya harusi ulikuwa unajua. Ulipita mbele yangu na masinia asubuhi na jioni, na sikuona hata chozi. Nimejaribu kukumbuka kila siku ya wiki ile, na nakuona umesimama tu, aproni safi, hulii. Kwa nini hukulia, Satu? Ungelia ningetambua kwamba unajua. Ningekutuma nyumbani, naapa. Ningefanya kitu.

Hortensia


Quellopata, 8 Agosti 1961

Bibi,

Nililia. Nililia ndani ya stoo ya chakula, nimeuma kitambaa cha meza ili sauti isitoke, kisha nikanawa uso nikakuletea kahawa. Uliniangalia. Uliniambia macho yangu ni mekundu, na nisiwe nakatakata vitunguu wakati kuna wageni.

Natu halii hivyo. Juzi ameanguka kutoka ukutani, amelia mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wakaitikia, na mimi na Zenobia tuligongana mlangoni tukimkimbilia.

Nilimweleza habari ya ugonjwa wa mlima. Alisema basi tukungoje kidogo, labda utapona. Tukangoja mpaka Jumapili. Jumapili jioni akaja mwenyewe, akakaa mbele yangu akanigeuzia kisogo, akaniuliza kama bado unakuja. Nikamwambia hapana. Shungi lako nimelikata mimi.

Saturnina